Walinzi Wapya wa Twiga

Mke wangu ni fundi rangi. Mafundi wenzake humwita Twiga, kwa sababu kona za dari ambazo wao huzitafutia ngazi, yeye hunyoosha mkono tu. Mimi ni kinyozi. Mtaani wanatutania kwamba ndoa yetu haiwezi kwenda popote: mmoja anapaka, mwingine anakwangua. Imekwenda, na mabinti wawili juu.

Ugonjwa ulimwanzia vidoleni. Asubuhi moja alinipa kopo la rangi nimfungulie mfuniko, nikadhani ananifanyia mzaha, maana huyu ni mtu wa kupanda jukwaani na kopo kubwa kila mkono huku akipiga soga. Haukuwa mzaha. Vidole vilikuwa vimevimba, vina moto, havikunjiki. Baada ya vidole yakaja magoti. Baada ya magoti, madoa ya zambarau iliyokolea yakamtanda mashavuni na juu ya pua. Alijitazama kwenye kioo cha kibanda changu cha kunyolea, akasema, "Rangi hii sijaichanganya mimi."

Halafu jua likamkataa. Akishinda nje akipaka ukuta, kesho yake haamki: homa, viungo vyote vinawaka, nywele zinabaki kwenye mto. Siku moja alikuja mwenyewe akakaa kwenye kiti changu, akafumba macho. "Nyoa zote," akasema. "Afadhali nizifukuze kuliko zinikimbie." Nikanyoa. Kichwa cha mke wangu ndicho kichwa pekee nilichowahi kukinyoa bila kusema neno.

Wateja walisema maneno kwa niaba yangu. Kwenye kiti cha kinyozi kila kichwa ni daktari. Huyu anasema mvuke wa rangi umemwingia kwenye damu, yule anasema kuna mtu ana kijicho naye, mwingine anasema ni uchovu tu. Aliyenyoosha mambo ni dada yangu. Anauza viatu sokoni, ulimi wake ni mkali kuliko wembe wowote nilionao, na anampenda wifi yake kuliko anavyonipenda mimi. "Ugonjwa gani huu," alifoka, "unaingia na kutoka kama umepewa funguo? Apelekwe hospitali kubwa. Usipompeleka wewe, nambeba mgongoni."

Tukaenda watatu. Daktari tuliyempata alikuwa mama mfupi, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kumtazama mgonjwa kabla ya kutazama kompyuta. Vipimo viliporudi alitupa jina la ugonjwa: lupasi.

"Mwili una walinzi," alituambia. "Kazi yao ni kukamata vijidudu. Wanajua huyu wa ndani, huyu mgeni. Wa kwako, mama, wamesahau sura ya mwenye nyumba. Wanakukamata wewe. Kule kuvimba, ule moto kwenye viungo, ni wao wako vitani."

"Basi wafukuzwe kazi!" dada akadakia.

Daktari akacheka. "Ningependa. Ila kwa dawa tulizonazo tunaweza kuwalegeza tu. Kuwafukuza bado hatujaweza."

Basi tukaishi na kuwalegeza. Vidonge asubuhi, vidonge jioni. Uso wake ukavimba ukawa wa duara mpaka mabinti wakawa wanamtambua kwa sauti kwanza. Kuna miezi aliyofanya kazi za ndani, sebule na vyumba, mapazia yakiwa yamefungwa. Kuna miezi alikaa tu. Fundi wa kuta za nje, mtu aliyezoea kuona mapaa ya mji mzima chini ya miguu yake, anakaa gizani akisikiliza redio ya jirani. "Mimi kufa siogopi," aliniambia. "Naogopa kukaa."

Kisha ugonjwa ukaingia kwenye figo. Mkojo ukawa na povu kama maji ya sabuni, miguu ikajaa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Daktari alibadilisha dawa, akabadilisha tena. Kila tukirudi figo zilikuwa zimeshuka kidogo zaidi, na neno mashine ya kusafisha damu likaanza kutajwa chumbani mle kama jina la mgeni ambaye hajafika ila ameshapanda gari.

Siku daktari alipofunga mlango na kuvuta kiti chake upande wetu wa meza, nilijua kuna jambo.

"Unakumbuka wifi yako alisema walinzi wafukuzwe?" alimwambia Twiga. "Kuna utafiti. Tiba hii ilianza kwa watu wenye saratani ya damu, sasa inajaribiwa kwa lupasi, na wagonjwa wa kwanza kwingineko wameonyesha matokeo ya kututia moyo sana. Tutachukua seli zako mwenyewe, zile nyeupe za damu. Maabara watazifundisha kazi moja: kuwatafuta wale walinzi wanaotengeneza kingamwili, silaha za kukushambulia, na kuwaondoa wote. Wote kabisa. Kisha tunasubiri mwili uzae wapya."

"Na hao wapya?" akauliza Twiga.

"Tunatumaini watakuwa hawana ugomvi wa zamani."

"Mnatumaini."

"Tunatumaini. Sitakudanganya. Hapa kwetu utakuwa mtu wa tatu. Unaweza kupata homa kali sana. Unaweza kuchanganyikiwa akili kwa siku kadhaa. Kuna waliowahi kufa kwa tiba za namna hii, wengi wao wakiwa na saratani iliyokwisha kuwamaliza. Na kwa miezi kadhaa hutakuwa na kinga ya kutosha. Mafua ya mtoto yanaweza kukulaza."

Mimi nilisema hapana kabla hajamaliza. Nilisema hapana ndani, nikasema hapana koridoni, nikasema hapana njia nzima mpaka nyumbani. Twiga aliniacha niseme. Tulipofika alikaa kitandani, akainua miguu yake iliyovimba, akanitazama.

"Baba watoto, kazi yako ni kuweka wembe kwenye koo za watu. Wanaingia hawakujui, wanalaza kichwa nyuma, wanafumba macho. Wamekosea?"

"Mimi najua ninachofanya."

"Na yule mama je? Mimi nikilaza kichwa mara moja tu, nimekosa nini?"

Kesho yake nilimsindikiza hospitali akatie sahihi.

Siku ya kuchukua seli alilala kando ya mashine, damu ikatoka mkono huu, ikazunguka, ikarudi mkono ule, na kitu kama maji ya matunda hafifu kikakusanyika kwenye mfuko mdogo. Dada aliusogelea akaupungia mkono. "Nendeni shule," akaziambia seli. "Msirudi wajinga."

Ziliporudi, zikiwa zimefundishwa, nilitarajia jambo kubwa. Kumbe ni kamfuko kadogo, kananing'inia, kanaisha kabla hujamaliza kikombe cha chai. Twiga alinikonyeza. "Ndiyo hiyo tu? Hata koti la kwanza halitoshi." Mafundi rangi huita koti kila wanaporudia kupaka.

Kila asubuhi nesi alikuja na maswali. Hiki ni nini? Kalamu. Hapa ni wapi? Hospitali. Hesabu kutoka mia kurudi nyuma kwa kumi kumi. Kisha humpa karatasi aandike sentensi moja, yoyote anayotaka, maana akili ikianza kuteleza, mwandiko huteleza kwanza. Twiga aliona huo ndio uwanja wake. Siku ya kwanza aliandika: "Aliyepaka ukuta huu alikuwa ana haraka ya kwenda kwa mpenzi wake." Siku ya pili: "Nesi huyu anatembea kama mtu mwenye viatu vya kuazima." Nesi, kijana mnene mwenye haya, akawa anakuja na wenzake wasome.

Homa ikaja. Nilikuwa nimeiandaa akilini, lakini homa haiandaliwi. Kitanda kilitetemeka mpaka vyuma vikalia. Wakati ule daktari alisema, akiwa ameshika kifundo cha mkono wa Twiga, "Hii inamaanisha seli zinafanya kazi. Vita imeanza. Sisi tunachunga isizidi." Wakampa dawa ya kutuliza moto ule, homa ikashuka, ikapanda, ikashuka.

Asubuhi iliyofuata nesi alimwonyesha kalamu. Twiga akaitazama kwa muda mrefu. "Brashi," akasema. Sote tukacheka. Yeye hakucheka. Akapewa karatasi. Mkono ukaenda, ukarudi, ukaacha kamba iliyojikunja isiyo na herufi hata moja. Nesi aliichukua ile karatasi kwa utulivu, akatoka kwa mwendo wa kawaida, na nilipochungulia koridoni nikamwona anakimbia.

Dada yangu alikaa siku nzima akiwa ameshika nyayo za wifi yake. Daktari aliingia na kutoka. Waliongeza dawa nyingine, wakampima mara kwa mara. Twiga aliniita kwa jina la baba yake. Nikaitika.

Halafu, asubuhi nyingine, jua likiwa limeshaingia dirishani, nesi alimpa karatasi kama kawaida. Tulisimama wote tukiangalia ncha ya kalamu. Herufi ya kwanza ilikuwa kubwa mno, ya pili ikapanda juu ya mstari. Ila zilikuwa herufi. Alipomaliza, nesi alisoma kwa sauti: "Mume wangu amevaa shati kinyume."

Nilikuwa nimelivaa kinyume kweli. Dada alipiga kigelegele kilichowatoa watu vyumbani, na muuguzi mkuu alipokuja kumkemea akaishia kumkumbatia.

Lakini daktari hakutuacha tushangilie mapema. Aliporuhusiwa kurudi, kwanza ilikuwa nyumba yenye barakoa, maji ya kuchemsha, mabinti kunawa mikono mpaka ngozi ikakauka, na mimi kubadili nguo mlangoni kwa sababu ya nywele za watu. Miguu ikasinyaa. Povu likatoweka kwenye mkojo. Vidonge vikapunguzwa, kisha siku moja daktari akasema, "Hivi navyo acha," akavisukuma kando. Vipimo vilionyesha wale walinzi wa zamani hawapo hata mmoja. Uso wa mke wangu ukarudi taratibu kutoka kwenye ule uso wa duara, kwanza taya, kisha shingo, na nywele zikaota laini kama za mtoto. Alinikataza kuzigusa na mashine.

Kilichobaki ndicho kilichonikosesha raha. Walinzi wapya walikuwa hawajazaliwa. Wangezaliwa na akili gani?

Walipozaliwa tulipigiwa simu. "Wamerudi," daktari alisema. "Njooni tuwapime." Tukaenda watatu kama mara ya kwanza. Daktari alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na alikuwa ameshika miwani mkononi.

"Walinzi wapo," alisema. "Kingamwili zile mbaya hazipo. Figo hazivuji. Wamekuona, mama, na wamekutambua."

Twiga aliinama, maana ni mrefu sana kwa yule mama, akamwinua kutoka sakafuni kabisa. Daktari bingwa mzima ananing'inia hewani, koti jeupe linapepea, anasema, "Niteremshe, jamani, nina wagonjwa!" huku machozi yanamtoka. Dada alikuwa anamwambia kila anayepita koridoni, anayemjua na asiyemjua: "Wamemtambua! Wamemtambua mwenye nyumba!"

Baadaye tuliitwa kwenye mkutano wa wagonjwa wote wa utafiti ule. Walikuwa wanane. Saba walikuwa hawanywi tena dawa za lupasi. Wa nane, mwalimu wa hesabu, ugonjwa ulikuwa umemrudia, ingawa si kwa ukali wa kwanza. Alisimama mwenyewe akasema, "Sasa wanajifunza kwangu mimi. Walimu hatustaafu." Alipigiwa makofi kuliko wote, na Twiga alikwenda akakaa kiti cha jirani yake mpaka mwisho. Daktari alisema hajui kama hali hii itadumu miaka mitano au maisha yote. Ndiyo maana wataendelea kupima.

Msimamizi wa mafundi aliposikia, alimtumia ujumbe kwamba ana kazi nyepesi kwa ajili yake, vyumba viwili vya ofisi, hakuna jua, hakuna kupanda. Twiga alimpigia hapo hapo.

"Lile ghorofa la shule, upande wa barabarani, umempa nani?"

"Bado. Lakini Twiga, ule ukuta ni mrefu, na wewe umetoka..."

"Nimetoka ndiyo. Andika jina langu."

Daktari alimruhusu kwa masharti: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua usoni, apumzike kivulini. Alipaka yale mafuta mpaka akafanana na ukuta uliopigwa chokaa. Siku ile nilifunga kibanda. Dada alifunga meza yake ya viatu. Tulisimama ng'ambo ya barabara na mabinti, tukamwona anashika chuma cha kwanza cha jukwaa, cha pili, cha tatu, vidole vikikunjika na kukunjuka vizuri kabisa, kopo likining'inia mkononi. Alipofika juu mafundi waliokuwa chini waligonga ndoo zao kwa brashi. Yeye hakugeuka. Alikuwa ameshaanza, mkono mrefu ukipanda na kushuka, njano mbichi ikimeza kijivu.

"Wifi!" dada akapaza sauti. "Umeruka pale pembeni!"

"Njoo upake wewe!"

Saa sita alishuka, akaketi kivulini, akala chakula chake, akala na changu, kisha akapanda tena.