Kichwa Kimoja, Vinyozi Wawili

Mkono wa kulia wa Fundi kinyozi ulikuwa umeanza kumgomea. Akishika mashine asubuhi, mchana kiwiko kinawaka, na jioni hata kijiko anakishika kwa kushoto. Wateja wa Jumamosi walichungulia, wakaona benchi limejaa, wakavuka barabara kwa kinyozi mwenzake, ambaye siku hizi alimpungia Fundi mkono kwa upendo wa kutia shaka. Kiti cha pili kilikaa tu, kimefunikwa taulo kama biharusi asiye na mchumba.

Walikitaka watu wawili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa kaka wa mkewe, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku. Alijifunza kunyoa kwa kuwanyoa rafiki zake, na bado ni rafiki zake, jambo ambalo Fundi alilihesabu kuwa sifa. Wa pili alikuwa binti mmoja aliyekuja na cheti cha chuo cha ufundi, akasalimia, akakaa, akanyamaza.

"Unafikiria nini tena?" mkewe alimuuliza. "Mtoto wa kaka yangu anachangamsha watu. Yule binti ukimuuliza hali anajibu kama maneno ameyaazima."

"Mteja harudi nyumbani na kicheko kichwani, mke wangu. Anarudi na nywele."

"Haya, mpe huyo binti. Kaka yangu utamwambia mwenyewe."

Hapo Fundi alibanwa. Akikosea kuchagua, wateja wanahamia ng'ambo. Akimkataa Kasuku, shemeji ananuna, na shemeji akinuna, chakula cha Fundi hupoa kabla hakijapakuliwa. Akaona heri awashindanishe mbele za watu, kila mmoja anyoe kichwa kimoja, asije mtu akasema kumependelewa.

Siku ya siku Kasuku akaja na baba yake mzazi, dereva wa lori. Fundi alishangaa. Miaka yote ya ushemeji hakuwahi kukiona kichwa cha yule bwana. Harusini kofia, msibani kofia, na nywele alijikata mwenyewe kwake, mlango umefungwa.

"Leo namtolea mwanangu kichwa," alisema shemeji. "Ila msinikodolee macho."

Binti akapewa fundi viatu wa jirani, mwenye kichwa cha mabonde na vilima. Akakitazama, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Samahani, Fundi. Vichwa hivi havilingani. Mwenzangu akipewa tambarare, mimi nikapewa milima, utapima kazi yetu au utapima vichwa?"

"Umekiitaje kichwa changu?" fundi viatu akamaka.

"Kigumu, baba. Kwa heshima zote."

Benchi zima likaangua kicheko. Fundi akakiri kwamba binti ana hoja. "Basi kichwa kimoja, nusu kwa nusu. Shemeji, kaa."

"Mnigawane kama tikiti?"

"Kama urithi, shemeji. Ila bila ugomvi."

Binti akaanza na upande wa kushoto. Alimvua shemeji kofia taratibu, akapitisha mashine kidogo, kisha akaizima. Kwenye kioo Fundi alimwona shemeji amefumba macho kama mtu anayengoja sindano. Binti alikizungusha kiti kidogo, kisogo kikaelekea ukutani badala ya kuelekea benchi, akachukua mkasi na chanuo.

"Baba, barabara ya siku hizi ikoje?"

Shemeji akafumbua jicho moja, halafu la pili, akaanza kusimulia mashimo, mizani na matope. Fundi akanung'unika moyoni. Mkasi wa nini, na mashine ipo? Huyu atamaliza lini?

Ikafika zamu ya Kasuku. Yeye alikigeuza kiti, kisogo kikaelekea benchi, watazamaji wafaidi. Mashine ikanguruma, maneno yakamwagika, fundi viatu akacheka mpaka akakohoa. Mkono wenyewe haukuwa mbaya. Ghafla Kasuku akapiga yowe.

"Haa! Baba! Kumbe una barabara ya lami kichwani!"

Benchi lote likasimama kutazama. Kovu refu, linang'aa, limekatiza utosini.

"Ni ajali," shemeji alisema upesi. "Ya lori. Zamani."

"Lori gani?" Sauti ilitoka mlangoni, ambako mke wa Fundi alikuwa ameingia na chupa ya chai. "Huo ni mwiko wangu, nilikutwanga nao utotoni! Ulikula nyama yangu, ukasema kala paka!"

Watu waliishiwa nguvu kwa kicheko. Shemeji naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa ukipapasa magotini, unatafuta kofia. Fundi aliuona ule mkono.

Akasogea kukagua. Kulia, kazi safi, na kovu liko wazi kama ubao wa tangazo. Kushoto hakuliona. Akapapasa kwa kidole ndipo akalipata, limelala chini ya nywele zilizoachwa ndefu kidogo tu, zikalazwa juu yake.

"Uliliona?" akamnong'oneza binti.

"Nililiona."

"Mbona hukusema?"

"Kichwa si changu, Fundi."

Fundi akamgeukia shemeji wake na maneno mazito, lakini shemeji alimwahi.

"Usijikaushe koo. Nilikuja kumpigia debe mwanangu. Kazi mpe binti."

"Baba!" Kasuku akashika kiuno. "Umeniuza mbele za watu?"

"Wewe ndiye umeninadi kwanza." Kisha akalainika. "Sikia, utingo wangu hana maneno, nasinzia njiani. Safari ndefu inataka mdomo kama wako. Unakuja?"

"Nitakaa mbele?"

"Mbele kabisa. Na marufuku kunyamaza."

Kasuku akairusha taulo juu, akaidaka. Fundi akamtazama mkewe kwa wasiwasi. Mama huyo alimimina chai, na kikombe cha kwanza akampa binti.

"Karibu, mwanangu. Huyu akikudanganya mkono wake umepona, mnyang'anye mashine."

Binti akapokea kwa mikono miwili, akakiweka kikombe, akakipapasa kichwa cha shemeji upande wa kulia, akatikisa chake.

"Huku kumeshafyekwa, baba. Zikiota uje, nikufunike."

"Nitakuja," alisema mtu ambaye mpaka siku hiyo hakuwahi kukaa kiti cha kinyozi.

Akaichukua kofia yake, akaivaa kiupande, ikafunika kulia tu. Kushoto akakuacha wazi, akapita katikati ya barabara, mtaa uone.