Masahihisho Matatu

Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, Shangazi, kama wote walivyomwita mfagizi, alifungua stoo ya mapambo ya kituo cha televisheni akiwa na ndoo, fagio na kitambaa begani. Stoo ilikuwa na miamba ya sponji iliyopakwa rangi, miti ya plastiki, kiti cha mfalme kilichovunjika mguu, na mapazia ya vipindi vilivyokwisha zamani. Katikati ya miamba alikuwa ameketi dinosaria. Alikuwa na ukubwa wa mbuni, manyoya ya kahawia mwili mzima, na mdomo mgumu usio na meno, kama wa kasuku. Alikuwa ameatamia mayai. Mayai yalikuwa kumi na manne, marefu, ya bluu iliyoelekea kijani, yamepangwa mawili mawili kwenye duara. Yeye alikaa katikati ya duara, mikono yake yenye manyoya ameitandaza juu ya mayai, kama mtu anayejaribu kufunika watoto wengi kwa shuka moja.

Shangazi alifagia kumzunguka. Alipofika nyuma alisema, "Sogeza," na mkia ukasogea.

Mtunza stoo alipofika alichungulia, akauliza huyo ni wa kipindi gani.

"Kile cha dinosaria," alisema Shangazi.

"Basi wakimaliza wasituachie hapa. Wana tabia hiyo."

Kipindi cha dinosaria kilikuwa na sehemu tatu, na kilirushwa kila Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni, kabla ya taarifa ya habari. Mtayarishaji wake hakuwa mtu mbaya. Alijua majina ya watoto wa wafanyakazi wote, na mtu akifiwa alikuwa wa kwanza kupiga simu. Alikuwa amemwazima mtaalamu kutoka makumbusho, mwanamke mpole ambaye kituo kizima kilimwita Mama Mifupa, na alimpa utaratibu aliompa kila mtaalamu: masahihisho matatu kwa kila sehemu, kila moja kwenye karatasi yake ya njano. Mtaalamu wa sheria alipewa matatu. Mtaalamu wa magonjwa ya watoto alipewa matatu.

"Dada yangu," alimwambia siku ya kwanza, "mtu ametoka kazini, kachoka, kavua viatu. Ukimwambia 'huenda', ukamwambia 'inawezekana', anahamia kwenye mpira. Wewe nipe makosa matatu makubwa. Mengine tusameheane."

Mama Mifupa alikubali. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amekwangua mchanga kwenye mifupa ya mnyama mmoja wa aina hiyo hiyo, aliyekufa ameketi juu ya mayai yake, mikono imetandazwa. Watu wa zamani waliandika kwamba alikuwa mwizi aliyefumaniwa akila mayai ya mwenzake. Mama Mifupa aliandika kitabu kuonyesha kwamba alikuwa mama yao, na kwamba dhoruba ya mchanga ilimkuta hapo akakataa kuondoka. Kitabu kilisomwa na watu wachache sana. Televisheni ingesomwa na nchi nzima, kama alivyosema Mtayarishaji, ambaye alipenda kusema hivyo.

Shangazi alipompeleka stoo, Mama Mifupa alichuchumaa mbele ya mnyama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mnyama alikuwa anavuma taratibu huku kafunga mdomo, sauti nzito ya chini kama friji ya zamani.

"Ndivyo nilivyoandika," alisema Mama Mifupa. "Ukurasa wa tisini."

"Basi una bahati, mwanangu," alisema Shangazi. "Wengi wetu tukiandika kitu hakiji."

Sehemu ya kwanza ilimwonyesha mnyama akiwa na ngozi tupu kama ya mamba. Mama Mifupa aliliona kosa hilo. Lakini yalikuwepo makosa mengine ambayo wenzake wa makumbusho wangemcheka nayo: miaka ilikosewa kwa milioni ishirini, mkia uliburutwa chini, na viganja vya mikono vilielekea ardhini kama vya mtu anayepiga kinanda. Aliandika karatasi zake tatu juu ya hayo. Picha za ngozi zilikuwa zimeshachorwa zote, na aliona aibu kusumbua watu.

Ijumaa asubuhi, baada ya sehemu hiyo kurushwa, Shangazi alizoa magunia matatu ya manyoya. Mnyama alikuwa ameketi mahali pale pale, ngozi tupu, ya kijivu, akitetemeka. Mkia wake ulikuwa umenyooka vizuri na viganja vilitazamana, kama ilivyosahihishwa. Mikono yake haikufunika tena mayai ya pembeni.

Mama Mifupa alisimama mlangoni.

"Ni mimi," alisema.

"Si wewe, ni televisheni," alisema Shangazi. "Shika huku tumfunike." Wakashusha pazia jekundu la kipindi cha mashairi, wakalitandaza juu ya mayai na mgongo wa mama yao.

Jumanne iliyofuata Mama Mifupa alimwomba Mtayarishaji amrudishie mnyama manyoya katika sehemu ya pili. Mtayarishaji alisema watazamaji wangeuliza ameyapata wapi katika wiki moja. Alisema hivyo kwa upole, na akamletea chai.

Katika sehemu ya pili Mama Mifupa alikuwa na makosa tisa ya kuchagua. Alizifungia karatasi zake tatu ndani ya mkoba na kuzitumia kama mtu anayechagua cha kuokoa nyumba ikiungua. Ya kwanza ilizuia mnyama asipewe damu baridi, maana damu baridi haiangui yai. Ya pili ilizuia asionyeshwe akiyaacha mayai na kwenda zake. Ya tatu ilizuia yale mayai yasiwe mawili tu. Msanii alikuwa amechora mawili kwa sababu mawili yanaingia vizuri kwenye skrini. Basi meno yakapita, na ukubwa ukapita, na sauti ikapita.

Kuhusu meno alijaribu kusema kwa mdomo, bila karatasi. Mtayarishaji alicheka mpaka akashika meza.

"Mdomo usio na meno unamtisha nani? Bibi yangu hana meno hata moja. Nimweke kwenye tangazo?"

"Bibi yako anatisha," alisema fundi sauti, ambaye alikuwa jirani yake tangu utoto.

Sauti aliitengeneza huyo fundi. Alichukua simba, akachanganya na breki za lori na mkoromo wa baba mkwe wake, na aliuonea fahari mkoromo kuliko vyote. Mama Mifupa alimweleza kwamba mnyama huyu pengine alivuma tu, kafunga mdomo. Fundi alisikiliza kwa heshima. Alisema mvumo wa chini namna hiyo hautoki kwenye spika za watu wengi, wangedhani televisheni imeharibika.

Ijumaa seremala alikuja kung'oa mlango wa stoo pamoja na fremu yake, kwa sababu mnyama alikuwa amefikia ukubwa wa lori dogo. Meno yalikuwa yamejaa mdomoni yakatokeza nje, na hakuweza tena kuufunga. Alipojaribu kuvuma, ilitoka ile ngurumo yenye breki na mkoromo. Mnyama aligeuka nyuma kutazama ni nani aliyepiga kelele karibu na watoto. Kisha akakaa kimya kwa siku nne.

Kwa ukubwa ule, kukaa juu ya mayai bila kuyavunja ilikuwa kazi. Alijining'iniza juu yake, magoti nusu, mchana na usiku, na miguu yake ilitetemeka. Hakuvunja hata moja. Jumatatu Shangazi aliweka sikio kwenye yai moja akasikia ndani kunalia.

"Wiki hii hii wanatoka," alisema. Alikuwa amelea saba wa kwake, na hakuna aliyembishia.

Jumanne Mama Mifupa alisoma mswada wa sehemu ya tatu. Ulikuwa na kurasa ishirini na mbili. Ukurasa wa kumi na tisa ulisema: *Njaa imezidi. Mama anawageukia mayai wake. Anakula moja baada ya jingine. Muziki.*

Hata sarufi yake ilikuwa mbovu, lakini hakuigusa. Alichukua karatasi zote tatu za njano, akaandika jambo moja kwenye zote tatu, akampelekea Mtayarishaji.

"Dada yangu," alisema Mtayarishaji alipozisoma, "hii ndiyo iko kwenye tangazo. Watu wanaisubiri hii. Wiki nzima nikinunua mkate naulizwa, kweli atayala mayai yake?"

"Si kweli."

"Una hakika? Asilimia mia?"

Mama Mifupa alikuwa mtu wa sayansi. "Asilimia mia hakuna mtu anayo," alisema. "Wanyama wachache sana, mara chache sana, wakibanwa. Lakini huyu hakuna dalili hata moja. Alikufa juu ya mayai yake."

"Basi umesema inawezekana."

"Twende ukamwone."

Mtayarishaji alikwenda. Alisimama pale ulipokuwa mlango, akamwona mnyama amejining'iniza, na akasikia vilio vidogo chini ya pazia. Alivua kofia. Macho yake yalilowa, na hayakuwa machozi ya kuigiza.

"Maskini," alisema. "Pole, mama." Akamwambia mnyama hivyo, si Mama Mifupa. Kisha wakiwa koridoni akasema, "Nitafanya hivi kwa ajili yako. Picha inabaki, lakini nitaweka maandishi chini ya skrini: Wataalamu wengine hawakubaliani. Sijawahi kumfanyia mtu."

"Yatakaa kwa muda gani?"

"Sekunde mbili."

"Yaweke kumi."

"Yakizidi mbili watu wanaanza kusoma."

Mama Mifupa alisema basi ataondoa jina lake. Mtayarishaji alisema kwa huzuni kwamba jina likitoka ataweka la mwingine, kijana wa chuo mwenye haraka ya kujulikana, na huyo hangeomba hata hizo mbili. Mama Mifupa aliacha jina.

Jumatano yeye na Shangazi walijaribu kuyahamisha mayai. Shangazi alilichukua la kwanza kwa mikono miwili, mnyama akamruhusu, akavuka nalo kizingiti. Nje ya stoo yai likawa jiwe. Lilikuwa jiwe la umri wake halisi, zito, la kijivu, limepasuka upande mmoja. Kilio ndani kilikatika. Walipolirudisha ndani likawa yai tena, la bluu, lenye joto, na kilio kikaendelea pale kilipoachia.

"Jiwe haliliwi," alisema Shangazi. "Tuyatoe yote kumi na manne, kesho yakae uani. Ijumaa tunayarudisha."

Mama Mifupa aliliangalia wazo hilo kila upande, kama alivyozoea kuangalia mfupa.

"Ijumaa tutayarudisha kwa mama yupi?" aliuliza.

Waliyaacha. Mama Mifupa alisema labda sekunde mbili ni nyingi kwa mnyama, kwamba mnyama haoni muda kama sisi. Hakuna aliyewahi kupima.

Alhamisi jioni Shangazi aliingiza televisheni ndogo stoo, wakakaa juu ya miamba ya sponji. Mayai manne yalikuwa yameanza kupasuka, na kwenye moja ilionekana ncha ya mdomo mdogo, usio na meno. Kipindi kilianza. Msimulizi alikuwa na sauti nzuri, ya mtu unayeweza kumwamini. Walipofika ukurasa wa kumi na tisa, mnyama aliinua magoti yake taratibu, akasogea pembeni kwa mara ya kwanza, akalifunua pazia kwa mkono wenye kiganja sahihi.

Aliinamisha kichwa kwenye yai la kwanza, mdomo wazi. Chini ya skrini maandishi yakatokea. Mnyama akasimama hapo hapo. Alimtazama Mama Mifupa, na Mama Mifupa, ambaye hakuwa na karatasi nyingine, akahesabu: moja, mbili.

Maandishi yakaondoka.

Kwa kila yai alisimama sekunde mbili. Shangazi aligeuza uso ukutani tangu la tatu. Mama Mifupa alitazama mpaka la mwisho, kwa sababu kutazama ndiyo kazi aliyosomea.

Ijumaa Mtayarishaji alileta keki ya wafanyakazi wote. Kipindi kilikuwa kimetazamwa kuliko mpira. Alimkatia Mama Mifupa kipande kikubwa, akamwambia msimu ujao ni wa wanyama wa baharini, na kwamba mafundi wa maji tayari wamelalamika kuna kitu kwenye tangi la paa.

Saa nne alifika mkurugenzi wa makumbusho, mzee nadhifu mwenye daftari, aliyekuwa mwalimu wa Mama Mifupa chuoni. Alikuwa ameambiwa kuna mnyama mzima stoo. Alimtazama kutoka pembe zote kwa dakika arobaini, bila kumwogopa. Aliandika: *hana manyoya*. Aliandika: *ana meno*. Alingoja mpaka mnyama alipotoa sauti, akaandika na hiyo. Kisha akachuchumaa kwenye maganda, akaokota moja kwa kibano, akaona alama za meno.

"Kwa hiyo wale wa zamani walikuwa sahihi," alisema. "Kile kitabu chako, mwanangu, itabidi tukitoe rafuni."

"Hakuwa hivi, mwalimu. Jumanne ile hakuwa hivi."

"Sikuwepo Jumanne ile. Naandika ninachokiona."

Huo ndio utaratibu aliomfundisha mwenyewe, na Mama Mifupa hakuweza kuukosoa. "Alisita," alisema. "Kabla ya kila yai. Andika angalau hilo."

"Kwa muda gani?"

"Sekunde mbili."

Mzee alifikiri kwa haki. "Atakuwa alikuwa anameza mate," alisema, akaandika hivyo. Kisha akatoa tepu ya kupimia mfukoni, akaivuta, akatazama huku na huku. Mnyama alikuwa mrefu kuliko stoo. Mtu mmoja asingeweza kumpima peke yake. Mama Mifupa aliweka chini kipande chake cha keki, akaenda akashika ule upande mwingine.