Kanuni ya Saba

Binti mdogo wa darasa langu alikuwa amebana miguu, mkono mmoja umeshika kaptura, mwingine umeshika kidole changu, nami nimesimama nje ya choo cha watoto nikiita. Choo kilikuwa wazi, hatua mbili mbele yetu. Alichohitaji ni mtu wa kumfungulia kamba ya kaptura, ambayo fundo lake lilikuwa limekaza. Lakini kanuni ya saba, iliyobandikwa ukutani kwa herufi kubwa kuliko zile sita za mwanzo, inasema mwalimu wa kiume haingii chooni na mtoto wala hamfungui nguo. Anamwita mwalimu wa kike na kusubiri.

Nikaita. Mwalimu wa darasa la jirani, ambaye sote tunamwita Shangazi, alikuwa amezungukwa na watoto arobaini wenye rangi mikononi. Nikaita tena. Mara ya tatu sikuita, kwa kuwa soksi za yule binti zilikuwa zimeshalowa. Hakulia. Aliniangalia, akasema:

"Mwalimu Twiga, si nilikwambia?"

Roho iliniuma. Mimi ndiye mwanamume pekee anayefundisha chekechea hapa, na jina la Twiga nimepewa na watoto, kwa sababu nikikaa kwenye viti vyao magoti yangu hukaribia masikio. Kazi hii naipenda kupita kiasi. Hakuna aliyewahi kunishtaki kwa lolote, na hilo ndilo lililonikera zaidi: mtu aliyeshtakiwa angalau hupewa nafasi ya kujitetea.

Kesho yake mwalimu mkuu aliniita ofisini. Ni mama wa makamo asiyepandisha sauti, na ukimkosea hukuongezea chai.

"Mama wa mtoto anauliza kwa nini ulimwacha mwanawe alowe," alisema akimimina.

"Mwaka jana baba mmoja aliuliza kwa nini mwanamume anafundisha watoto wadogo. Sasa nimsikilize nani?"

"Kanuni haikukutaja wewe."

"Mwanamume hapa niko peke yangu, mwalimu. Imenitaja."

Hapo nikamwaga yote niliyokuwa nimeyameza miaka miwili. Nikasema kutwa tunahubiriwa haki za wanawake, sawa, nami naziunga mkono. Lakini mwanamke angezuiwa mlangoni kwa sababu tu ni mwanamke, mji mzima ungewaka moto. Mimi nimezuiwa na hakuna aliyekohoa. Nikasema nimehukumiwa kwa makosa ya watu nisiowajua.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Nilipoanza kazi," alisema, "nilikuwa siketi na mkaguzi wa shule mlango ukiwa umefungwa. Nilikuwa najifanya nasikia joto, nauacha wazi. Kanuni hiyo hakuna aliyeibandika ukutani. Nilijitungia, na mpaka leo naifuata."

"Lakini mimi si mkaguzi huyo."

"Najua. Naye hakuwa na alama usoni."

Nilimkasirikia kwa jibu hilo. Ndipo akasukuma barua juu ya meza. Nilidhani ni onyo. Ilikuwa barua ya kupandishwa cheo: mwalimu mkuu msaidizi, kuanzia Jumatatu.

"Wakubwa wameona ndiyo njia nyepesi," alisema. "Unatoka darasani, wazazi wanatulia, na huwezi kulalamika kwamba umeonewa."

"Na Shangazi? Ana miaka kumi na minane hapa. Ameomba nafasi hii mara tatu."

"Wanasema ana watoto wadogo."

"Mdogo wao ana ndevu."

Alitabasamu kidogo, kisha uso wake ukarudia ukavu wake. "Nimelipeleka jina lake mara zote tatu kwa mkono wangu. Ukikataa wewe watamleta mwingine kutoka nje, na darasani hawatakurudisha. Watakupeleka bohari ya vitabu." Akazungusha kikombe chake. "Nisingependa uende huko."

Nilimkuta Shangazi akipanga magodoro ya watoto ya kulalia mchana. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi: kukitambua kikohozi cha uongo, kufunga kamba za viatu vya watoto wanane bila kuacha kuimba. Nilianza kumsaidia kupanga. Hakunitazama.

"Nimeshasikia," alisema.

"Nitakataa."

"Haya."

Nikangoja. Nakiri kwamba nilitaka aseme neno zaidi. Nilitaka anione muungwana. Aliponiona nimeganda na godoro mkononi, akaketi juu ya rundo.

"Unataka nikushukuru, siyo? Ukikubali, unataka nikusamehe. Mwanangu, mimi nimechoka. Amua mwenyewe, hilo usinibebeshe mimi."

"Si haki, Shangazi. Kwako wala kwangu."

"Wewe wamekuogopa, wakakupa ofisi. Mimi wananiamini kabisa, na ndiyo maana wananiacha hapa hapa na magodoro." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayesoma orodha ya mahudhurio. "Kukuonea wamekuonea. Sikatai. Lakini mimi ningeonewa hivyo ningekuwa mwalimu mkuu siku nyingi."

Nilitaka kubishana. Nilikuwa nimezoea maumivu yangu, nimeyatunza vizuri, na sasa niliyaona yakiwa na mguu mmoja juu ya bega la mwanamke huyu. Hayakupungua kuuma kwa sababu hiyo. Nilimpangia magodoro yaliyobaki, nikaenda zangu.

Ningeweza kusema nilitia saini kwa ajili ya familia, na watu wangenielewa. Si kweli. Nilitia saini kwa sababu nilichoka kutazamwa kwa jicho la pembeni, na kwa sababu bohari ya vitabu ilinitisha. Ilinichukua muda mfupi kuliko kuifungua kalamu.

Jumatatu, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupita madarasani na daftari la ukaguzi. Niliahirisha darasa la Shangazi mpaka likabaki peke yake. Nilipoingia alikuwa amepiga magoti akimfuta mtoto kamasi. Akanyanyuka, akajipangusa gauni, akawageukia watoto.

"Simameni. Mwalimu mkuu msaidizi ameingia."

Viti vidogo vikakwaruza sakafu. Mtoto mmoja aliyewahi kuwa darasani kwangu alianza kusema "Twi...", mwenzake akamziba mdomo.

"Shikamoo, Shangazi," nilisema.

"Karibu, mkuu," alijibu, akasogea pembeni kunipisha mbele ya darasa.

Nikasimama pale na daftari langu. Watoto arobaini walikuwa wima, kimya, mikono ubavuni, wakisubiri niwaruhusu wakae.