Miti Iliyolewa

Mwalimu wa miamba alituambia tuje na picha yoyote ya kilima. "Jiolojia mtaanza kuisoma kwenye kuta za nyumba zenu," alisema. Mimi nilileta ile aliyochora marehemu mume wangu, fundi rangi: mteremko ulio kwenye kiwanja cha dada yake. Tangu mazishi, miezi minane, nilikuwa nimeigeuza ikitazama ukuta. Niliifunga kwa shuka bila kuitazama.

Mwalimu hakuiachia upesi. "Mbona miti yote imepinda shinani?"

"Hakujua kuchora miti," nikasema. "Nilikuwa namwambia imelewa."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Alichora alichokiona. Udongo wa mteremko ukishuka polepole, huulaza mti kuelekea bondeni. Mti nao hujinyoosha kwenda juu. Hapo pana nyumba?"

"Wanaanza msingi leo."

Nilisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya sukari. Ndipo nikaelewa kwa nini aliuliza; nikafunga picha, nikaenda kwa wifi.

Kiwanjani miti ilikuwa imeshakatwa. Mwashi alikuwa akivuta kamba za msingi, wifi yangu amesimama kando na mwavuli wake.

"Wifi, usichimbe hapa. Ardhi inatembea. Nyumba itapasuka na watoto wakiwa ndani."

"Inatembea kwenda wapi, sokoni?"

Mwashi akaangua kicheko. Nikamwonyesha wifi picha. Akaitazama, akanirudishia.

"Miti ya kaka! Si wewe uliyekuwa ukimcheka mbele ya wageni?"

"Ni mimi."

Nilienda kwenye kisiki kilichobaki kirefu hadi gotini, nikamwomba mwashi timazi, ule uzi wenye kitu kizito nchani. Alikuja nayo mwenyewe, bado anatabasamu, akaishusha kando ya kisiki. Uzi ulisimama wima. Kisiki kilianza kwa kulalia bondeni, ndipo kikapinda kwenda juu. Akahamia cha pili. Cha tatu. Kwenye cha nne tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Mama, kazi naitaka," alimwambia wifi, "lakini hapa mimi sijengi."

Wifi akafunga mwavuli, jua likimpiga usoni. "Kaka alijua?"

"Sidhani. Aliona tu."

Mwashi akaanza kung'oa vigingi.

Nyumbani niliitundika picha, safari hii ikitazama chumbani. Nikakaa kusubiri machozi. Yalipokawia, nikaenda kufua ile shuka.