Kifungu cha Miaka Ishirini

Mama mdogo Sesilia alifunga saluni yake ya mtaa wa Berea, huko ugenini, Jumamosi asubuhi, saa ambayo wateja hugombania kiti, akamburuta Papy, mtoto wa dada yake, hadi ukumbi mmoja wa mtaa jirani wa Morningside akamtafsirie. Serikali ilikuwa ikikusanya maoni juu ya rasimu ya sheria: namna ya kuinasa hewa ukaa viwandani, kuipitisha kwenye mabomba na kuizika chini ya ardhi.

"Kuzika hewa," Papy alimnong'oneza. "Sasa matanga yake nani atapika?"

"Nyamaza weye, mdomo kama redio."

Papy alitania kila kitu tangu walipokuwa kwao Goma. Huko hewa hiyohiyo hutoka ardhini yenyewe, ikajilaza mabondeni asubuhi kabla upepo haujaamka. Wenyeji wanaiita mazuku. Haina rangi wala harufu. Mtu mzima hupita kichwa kikiwa juu yake. Mbuzi na mtoto hawapiti. Hardy, mwana pekee wa Sesilia, alikuwa na miaka sita ilipomchukua.

Kifungu kilichomleta Sesilia kilikuwa kimoja: kampuni ilinde shimo miaka ishirini baada ya kuliziba, kisha isiulizwe tena.

"Waambie wakifute. Hewa haihesabu miaka. Waambie habari ya Hardy."

Papy akawaambia kwa Kiingereza. Mwanamke wa serikali aliyekuwa akiandika akasimamisha kalamu. Ya kusikia hawaandiki, alisema kwa upole. Wanaandika ya aliyeona kwa macho. Yuko aliyeona?

Papy akatafsiri.

"Haiko mtu," Sesilia akasema. "Alikutwa peke yake." Akaanza kukusanya vitu vyake mkobani, polepole, kama mtu aliyefukuzwa.

Jibu hilo ndilo lililomlinda Papy miaka minane. Angeweza kulitafsiri tu, warudi saluni wakasuke watu. Badala yake akasema kwa Kiingereza, macho yakiwa mezani, kwamba yeye alikuwapo. Kalamu ikaanza kutembea, haikusimama upesi.

"Miye nimesema haiko mtu," Sesilia akauliza, "weye umetoa hotuba gani?"

Papy alitafuta utani. Hakupata hata mmoja.

"Nilikuwa naye, mama mdogo. Tulifuata mbuzi bondeni. Miye nilipanda juu ya jiwe, yeye akakaa chini. Akasema, 'Papy, usingizi unanishika.' Nikamcheka, nikamwita mvivu. Nilipoona haamki nikakimbia, nikanyamaza."

Sesilia akakaa tena.

"Kumbe alisema kitu."

"Ndiyo."

"Rudia."

"Usingizi unanishika."

"Aliogopa?"

"Hapana. Alisema kama mtoto anayetaka kubebwa."

Mwanamke wa serikali akasoma alichoandika: kifungu kifutwe, shahidi yupo. Akamsogezea Papy karatasi. Papy akatia sahihi, jina lake lote, herufi kwa herufi. Alipoinua kichwa, kiti cha kando yake kilikuwa kitupu, na dirishani alimwona mama mdogo akiteremka kilima peke yake, bila kugeuka.