Kifungu cha Kusuka Barazani

Feni ya mahakama ilikuwa mbovu, kwa hiyo msusi alisimama kizimbani akijipepea kwa kitana. Mwendesha mashtaka akasoma: mshtakiwa alikutwa akimsuka mteja barazani, mahali pa wazi, kinyume cha sheria.

Sheria hiyo ilifutwa zamani, na mle ndani hakuna asiyejua. Kitabu kipya cha sheria kilikuwepo, tena kizuri, ila karani alikifungia kabatini ndani ya nailoni yake, kama vyombo vya wageni, kisije kikachakaa kabla wakubwa wa makao makuu hawajaja kukagua. Kwa kesi za kila siku walitumia cha zamani.

Kifungu kiliposomwa chote, mlango ukafunguka, akaingia mama yake msusi. Alifariki wakati kifungu hicho kikitumika. Sasa kimetumika tena, basi amekuja. Askari wa mlangoni akamwambia azime simu. Akasema hana. Akakaa benchi la mbele, akamtazama bintiye utosini.

"Mwanangu, msusi gani anatoka nyumbani na kichwa hicho?"

Msusi akacheka, kisha akalia waziwazi mbele ya watu. Hakuna alichokuwa amekikosa kama kusemwa na mama yake.

Wakili wake alikuwa mtoto wa dada yake, kijana asiyetaka mchezo kazini. "Shikamoo, bibi," akasema, halafu akaomba kitabu kipya kiletwe. Mama yake mdogo akitiwa hatiani, kibanda chake kitafungwa, naye atafagia uwanja wa mahakama mwezi mzima.

Karani akanung'unika, akafungua kabati. Nailoni ilipoanza kuchanika, kandambili za mama zikafifia, kisha na nyayo zake.

"Miguu inanipata baridi," mama akasema.

"Acheni!" msusi akapiga kelele. "Nakiri. Nimesuka barazani, na kesho akija mteja nasuka tena!"

"Mama mdogo, tunashinda!"

"Kaa chini, mwanangu," msusi akamwambia.

Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekiri. Karani akaibandika nailoni kwa gundi, akakirudisha kitabu kabatini. Miguu ikarudi, na kandambili zake.

Mchana msusi alikuwa uwanjani na fagio. Kibanda kilikuwa na kufuli la serikali, na jambo hilo lilimuuma kwelikweli. Mama yake alikaa kivulini, akinyoosha kidole.

"Pale umeruka. Na pale. Mkono wako haujabadilika hata kidogo."

Dirishani ikasikika kesi iliyofuata. Fundi viatu alishtakiwa kwa kupiga mluzi akiwa kazini. Akaomba kitabu kipya, karani akamjibu kwamba kile ni cha wageni. Kifungu kikasomwa chote. Mlango haukufunguka. Fundi akatolewa nje kwa pingu, akapandishwa gari la magereza.

Mama akasikitika. "Masikini. Hana mama?"

"Anaye," msusi akasema, akiendelea kufagia. "Yule pale getini, kamshikia chakula. Yu hai."