Matunda ya Ukingo wa Reli

Jumanne ya tarehe kumi na nne mwezi wa pili ndiyo siku mambo yalipokwenda kombo, na chanzo chake kilikuwa bakuli la bati lililojaa matunda ya mwitu.

Asubuhi hiyo Spoki alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya chumba chake, gurudumu la mteja limelala mapajani, akikaza njiti moja moja na kulizungusha kuona kama bado linayumba. Alikuwa fundi baiskeli, mwembamba kama hizo njiti zake, na mtaa ulishasahau kama aliwahi kuwa na jina jingine. Nyuma yake, kizingitini, alikaa binti yake na tumbo lake kubwa, bakuli limeegemea juu ya tumbo kama kwenye meza, akila. Midomo ilikuwa imegeuka zambarau kama ya mtoto aliyechezea wino.

"Baba, utakula au nikumalizie?"

"Kula, mama. Mimi nishakula machache njiani, na sina mtu tumboni."

"Una minyoo."

"Hao waache wafe njaa, hawanisaidii kodi."

Binti akacheka, na Spoki akafurahi kusikia kicheko, maana wiki nzima binti alikuwa hana nguvu hata ya kufua kitambaa. Zahanati walimwambia damu yake ni ndogo. Vidonge vya kuongeza damu? Vimekwisha, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo wimbo ule ule. Spoki hakushangaa. Mkewe alifia kwenye benchi la zahanati hiyo hiyo, akisubiri gari la wagonjwa ambalo siku hiyo lilikuwa limetumwa kubeba viti vya mkutano wa wakubwa. Viti vilifika salama.

Kwa hiyo alfajiri alikwenda mwenyewe ukingoni mwa reli. Marehemu ndiye aliyemfundisha. Alipokuwa na mimba ya huyu huyu binti, macho yake yalikuwa meupe kama chaki, akawa anachuma matunda ya ile mitambaazi yenye miiba, na mwezi haukuisha kabla hajarudi kubishana na watu bombani. Kama ni matunda yaliyomponya au maini aliyokuwa akipikiwa na mama yake, hakuna aliyepima. Spoki aliamini matunda.

Mkewe alikuwa na masharti yake. Tunda lenye punje punje, kama shanga zilizoshikana, kula. Lile la duara linalong'aa kama jicho la mbuzi, usiliguse, lina sumu. Na la mwisho: usiyaoshe. Ukiyatia maji yanapasuka, unabaki na uji mwekundu. Yapulize vumbi, basi. Spoki alifuata yote. Alichagua tunda kwa tunda, akatupa kila alilolitilia shaka, akayapuliza mpaka pumzi ikamkata.

Fundi cherehani wa chumba cha pili, mama mwenye maneno mengi na aliyekuwa shoga wa marehemu, akatoka kuichukua baiskeli yake iliyopata pancha jana, imeegemea ukuta wa Spoki.

"Shemeji, tayari hii? Maana naona umezeeka ghafla, kazi zinalala."

"Tayari tangu jana. Wewe ndiye umelala."

Akacheka, akanyoosha mkono kwenye bakuli la binti. Mkono ukasimama hewani.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Ukingoni, huku karibu na daraja."

"Ukingo wa reli?" Akaurudisha mkono na kuufuta kwenye gauni, ingawa hakuwa amegusa kitu. "Shemeji, si wamepuliza dawa pale juzi? Watu wa manispaa. Mitungi mgongoni, nyuso wamezifunga kama majambazi. Eti kuna mkubwa atapita na treni, hataki kuona magugu."

"Hakuna kibao," Spoki akasema. "Pale hakuna kibao chochote."

"Kibao! Hawa? Hawa watu wa kuweka kibao?"

Hapo ndipo alipoyakumbuka majani. Aliyaona kwa macho yake alfajiri: ya njano, yamejikunja kingo kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Aliyaona, akasema moyoni jua la mwaka huu ni kali, akaendelea kuchuma. Gurudumu likamteleza mapajani, likajiviringisha uani na kuanguka. Hakuna aliyeliokota.

Binti aliweka bakuli chini taratibu, kama chungu kilichotoka motoni. Ndani yake yalikuwa yamebaki machache tu.

"Baba," alisema, "nimekula mengi."

Walimpakia kwenye baiskeli ya mama cherehani, akakalia kiti cha nyuma, Spoki akisukuma na mama akimshikilia kiuno. Njia nzima Spoki alihisi ulimi wake ukiwasha. Hakujua kama ni sumu au ni woga, na hakutaka kusema, maana akisema yeye, binti naye ataanza kuhisi. Akameza mate. Mate yalikuwa na utamu wa matunda bado.

Muuguzi wa zahanati alikuwa msichana mdogo, macho yamechoka kama hakulala. Aliwasikiliza bila kuwagombeza. Alimlaza mgonjwa, akamwangalia mboni za macho, akamshika mkono na kuhesabu mapigo.

"Mzee, uliyaosha?"

"Hayaoshwi, dada. Yanapasuka."

Muuguzi akafumba macho kidogo, akayafumbua. "Matunda yenyewe si mabaya. Yanausaidia mwili kushika madini ya chuma kwenye chakula, ingawa hayawezi kukaa mahali pa vidonge. Shida ni kilichokaa juu yake. Walipuliza nini?"

"Nitajuaje mimi?"

"Basi nenda ukajue. Mimi nawapigia manispaa tangu mmeingia, simu haipokelewi. Kuna dawa ya kuua majani, kuna ya wadudu, kuna ya mbu, na kila moja ina tiba yake. Kuna nyingine ukimtapisha mtu ndiyo umemmaliza. Sitaki kubahatisha, na huyu ana mtoto ndani."

Kwenye paji la uso la binti jasho lilikuwa limeanza kuchipuka, vitone vidogo vidogo. Spoki akapanda baiskeli. Miaka yote ya kuzitengeneza hakuwahi kuikimbiza moja namna ile.

Ofisi ya manispaa ilikuwa na feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Bwana mazingira, afisa wa mambo ya usafi na magugu, alikuwa anakunywa chai. Alimsikiliza Spoki mpaka mwisho, akakung'uta makombo ya andazi kwenye tai.

"Kazi hiyo tulimpa mkandarasi, mzee. Na wewe nani alikuruhusu kuchuma pale? Ule ni ukingo wa serikali."

"Mlipopuliza mlimwomba nani ruhusa?"

"Usinipandishie sauti. Kuna utaratibu."

"Mwanangu ana mimba! Anatokwa jasho, na ninyi mna utaratibu! Mama yake mlimuua kwa utaratibu huo huo!"

Bwana mazingira aliweka kikombe chini. "Ana mimba?" aliuliza, kwa sauti nyingine kabisa, na Spoki akaona uso ule mnene ukipoteza rangi. Kitu hicho kilimtisha kuliko yote aliyoyaona tangu asubuhi. Alikuja na matumaini kwamba wakubwa watamcheka, watamwita mshamba, watasema ile dawa ilikuwa maji ya chumvi tu. Mtu anayejua kuwa ni maji ya chumvi habadiliki rangi.

Walikwenda pamoja stoo, nyuma ya jengo, yule bwana akitangulia karibu kukimbia. Mtunza stoo alikuwa amelala juu ya magunia. Madumu yalikuwa yamepangwa ukutani, madumu ya njano ya mafuta ya kupikia, yale yale kila mtu anayochotea maji nyumbani kwake. Hayakuwa na hata kipande cha karatasi.

"Hii ni nini?" bwana mazingira akauliza.

"Dawa, bosi."

"Dawa gani?"

"Ile ya ukingoni. Yanakuja hivi hivi. Mkandarasi anasema tutie kifuniko kimoja kwenye ndoo, tunatia. Akisema viwili, tunatia viwili."

"Ukingoni mlitia vingapi?"

Mtunza stoo akamtazama bosi wake, kisha Spoki, kisha dumu. "Walisema majani yafe upesi. Mkubwa anapita Ijumaa."

Bwana mazingira akapiga simu kwa mkandarasi. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Spoki hakungoja. Alinyakua dumu lililobaki na dawa kidogo chini, mtunza stoo akipiga kelele kwamba ni mali ya ofisi, akalifunga kwenye baiskeli kwa mpira wa tairi na kuondoka nalo, likigonga mgongoni mwake kila aliporuka shimo. Na bosi akamwacha aende, simu bado sikioni.

Muuguzi alifungua kifuniko, akanusa kwa mbali, akarudisha kichwa nyuma. Akanusa tena. Akatikisa kichwa. Alikuwa ameshampata daktari wa hospitali kubwa kwenye simu, na Spoki aliisikia sauti ya yule daktari ikitoka kwenye kipaza sauti, sauti ya mtu mpole mwenye haraka, ikirudia swali lile lile: ni dawa gani, jina lake nini, imeandikwa nini?

"Haijaandikwa kitu, daktari."

"Harufu?"

"Kama mafuta ya taa. Na kama vitunguu vilivyooza."

Sauti ikasema subiri.

Mama cherehani alikuwa amekaa upande wa ukutani, kitambaa mkononi, akimfuta binti mate yaliyokuwa yakimtoka pembeni mwa midomo. Yalikuwa na rangi ya zambarau. Muuguzi akainama na kipembe cha kusikilizia mapigo ya mtoto, akakiweka tumboni, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena. Spoki alimtazama uso asipumue.

"Upo moyo," muuguzi alisema. "Unakwenda mbio."

"Mbio ni vizuri?"

Muuguzi akakihamisha kipembe tena. Simu ilikuwa bado iko wazi juu ya meza, ikikwaruza tu. Binti alifumbua macho, akamtafuta baba yake, akampata. Mboni zake zilikuwa ndogo mno, kama ncha za sindano.

"Baba," alisema, ulimi mzito. "Nimekula nini?"